Changamoto ya Tatu Ni Uvamizi

Palikuwa na nchi, na ipo, wala msiitafute kwenye ramani, kwa sababu haina jina. Si kwamba jina limesahaulika. Kamati ya kutafuta jina bado iko kikaoni, mwaka wa arobaini na moja sasa, na chai hupelekwa kila saa nne. Wananchi kwa uvumilivu wao huiita Nchi Yetu, ile iliyo ng'ambo ya mto huiita Nchi Jirani, na maisha yanakwenda.

Desturi yao kubwa ni moja. Kitu hakitumiki mpaka kizinduliwe, na hakizinduliwi mpaka aje mgeni rasmi. Kitu kisichozinduliwa ni kama hakipo, hata ukijikwaa nacho. Daraja la Mto Mlazo lilikamilika zamani, lina nguzo nene na taa pande zote, na wananchi hupita chini yake wakiogelea, nguo zao wamezibeba kichwani, huku wakilisifu. Hakuna aliyelalamika. Mmoja alitaka, akaambiwa dawati la malalamiko lipo, la mninga, zuri sana, ila halijazinduliwa.

Katika nchi hiyo Luteni Stumai alikuwa rubani wa ndege za kivita. Alisomea kazi hiyo ugenini miaka mitatu, akawashinda wanaume wote wa darasa lake, akarudi na cheti chenye lakiri nyekundu. Akakabidhiwa ndege. Ndege za Nchi Yetu zilikuwa nne, mpya, zimepangwa kwenye Uwanja wa Nyasi Ndefu, kila moja imefungwa utepe kutoka bawa hadi bawa kupitia puani. Uzinduzi wake ulikuwa umeahirishwa mara kumi na moja. Katika injini ya ndege ya pili mbayuwayu walijenga, wakataga, wakaangua, wakafundisha watoto wao kuruka, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi pekee ya urubani iliyowahi kufanyika pale.

Kila asubuhi, kwa miaka sita, Stumai alipanda ngazi, akaketi kitini, akafunga mkanda, akashika usukani na kunguruma. Alinguruma kwa mdomo, maana injini hairuhusiwi kuwashwa. Alijua ngurumo za aina zote, ya kupaa, ya kukata kona, hata ile ya kutua penye upepo wa ubavuni, ambayo inataka mashavu yenye nguvu. Daftari la kikosi lilimwandikia saa elfu mbili na mia tatu za kukaa.

Mama yake, Bi Havijawa, alikuwa mama lishe Kivumoni, mji ulio ukingoni mwa Mto Mlazo. Aliwapikia wapita njia ugali na maharage kwa mwiko mmoja mrefu ulioungua ncha, na kila mteja alimwambia, kabla hajanawa mikono, kwamba binti yake ni rubani.

“Ataruka lini, shoga?” jirani yake Bi Mwanaidi humuuliza kila Ijumaa.

“Ataruka.”

“Nauliza tu. Maana kuku wangu hana cheti, na jana alifika juu ya paa.”

Bi Havijawa hugeuza ugali kwa nguvu. Ugali wa siku hizo ulikuwa mgumu kuliko wa siku nyingine.

*

Vita vyenyewe vilianza hivi. Katika sherehe za mavuno, Rais wa Nchi Jirani alialikwa, akaja, akakaa mstari wa mbele. Mshereheshaji alikuwa Kapteni Mwinyimvua, Mkuu wa Itifaki wa Majeshi, mtu mwenye sauti kama asali inayomiminwa kwenye ngoma. Aliwatambulisha mawaziri, mabalozi, viongozi wa dini, machifu, wacheza ngoma, na mwenye maturubai. Rais wa Nchi Jirani hakumtambulisha. Si kwa ubaya. Ukurasa uliokuwa na jina lake ulikuwa umechukuliwa na Mkuu wa Jeshi la Anga, Jenerali Tandiko, ajipepee.

Yule mkubwa wa watu alikuwa ameshanyanyuka nusu, mkono tayari kupunga. Akabaki hivyo, nusu amekaa nusu amesimama, kwa dakika nzima. Picha ikatoka magazetini.

Miezi miwili baadaye ikaja barua, imepigwa chapa vizuri, ina mhuri. Ilisema: “Kwa heshima na taadhima, tunapenda kuwaarifu kuwa Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi, tutaivamia nchi yenu. Ndege zetu tisa zitaanza na mji wa Kivumoni. Ifikapo saa kumi alasiri, zirudi zisirudi, majeshi ya nchi kavu yatavuka mto. Tunatanguliza shukrani zetu za dhati.”

Baraza la vita likaitishwa. Jenerali Tandiko aliongoza. Alikuwa na nishani arobaini kifuani, zote za mahudhurio, na alipoinama kusoma barua zililia kama njuga. Wajumbe walikubaliana kwanza kwamba barua imeandikwa kwa adabu. Ndipo Stumai akanyoosha mkono.

“Afande, ndege nne zinatosha. Wakija kwa mstari, nawasubiri juu ya mawingu na jua likiwa mgongoni mwangu. Hawatafika Kivumoni. Naomba mkasi tu.”

“Mkasi wa nini, mwanangu?”

“Nikate utepe.”

Katibu aliacha kuandika. Mjumbe mmoja akafunga dirisha.

“Wewe ni mgeni rasmi?” Jenerali aliuliza kwa upole.

“Hapana, afande. Mimi ni rubani.”

“Basi. Rubani anarusha, mgeni rasmi anakata. Tukianza kuchanganya kazi za watu, nchi itakwenda wapi?”

“Itakwenda Nchi Jirani, afande. Nzima nzima.”

Jenerali alilitafakari jambo hilo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, akatoa uamuzi. Ndege zitazinduliwa Jumamosi hiyo hiyo, saa mbili asubuhi, na mgeni rasmi atakuwa Mheshimiwa Rais. Itabaki saa nzima ya kupigana. “Saa moja inatosha,” alisema. “Vita havitaki maneno mengi.” Zikaundwa kamati sita, ya maturubai, ya mapambo, ya chakula, ya burudani, ya mapokezi, na ya risala. Suala la ulinzi wa taifa likapelekwa kamati ya chakula, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na gari.

Jioni Stumai alimpigia mama yake simu.

“Mama, ondoka Kivumoni. Nenda kwa mjomba mpaka Jumapili.”

“Mjomba wako anakoroma.”

“Mama, watakuja na mabomu.”

“Nimesikia. Watu wote wamesikia, Mwanaidi ameshahamia chini ya kitanda na redio. Wewe utaruka?”

Stumai alinyamaza. Mama yake alikuwa mtu wa kusikia ukimya vizuri.

“Miaka sita nimewaambia watu binti yangu anaruka,” alisema Bi Havijawa. “Nikikimbia leo, nitakuwa nimewaambia nini? Mimi nitakaa hapa kwenye jiko langu, naangalia juu. Ukipita, nitakuona. Usipopita, basi.”

“Basi nini, mama?”

“Basi ugali utaungua. Lala salama, mwanangu.”

*

Jumamosi kulipambazuka vizuri. Maturubai yalisimama, meza kuu ilitandikwa kitambaa cheupe, na katikati yake kiti cha mgeni rasmi kilivikwa kitambaa cheupe na utepe uliofungwa ua mgongoni, kama bibi arusi. Mkasi ulilazwa juu ya mto wa hariri, ukilindwa na askari wawili wenye bunduki. Walikuwa ndio askari pekee wenye bunduki uwanjani.

Saa mbili ilifika, mgeni rasmi hakufika. Saa mbili na nusu ikaja taarifa kwamba Mheshimiwa Rais yuko safarini, kwenye mkutano wa kimataifa wa kuzingatia muda, na atawakilishwa na Waziri. Saa tatu kasoro robo, Waziri akaarifu kuwa atawakilishwa na Naibu wake. Naibu akamtuma Katibu, Katibu akamtuma mtu, na yule mtu akatuma salamu. Salamu zilipokelewa kwa makofi, zikaketishwa kiti cha pili kutoka kulia.

Stumai alisimama kando ya ndege yake ndani ya mavazi ya urubani, kofia kwapani. Kwa kuwa alikuwa ofisa mdogo kuliko wote, mkononi alishika risala ya marubani aliyopangiwa kumsomea mgeni rasmi. Aliutazama mkasi. Aliwatazama askari wawili. Mmoja wao akatikisa kichwa polepole, kwa huruma, kama mtu anayemkataza mtoto wa jirani sukari.

Saa tatu kamili ndege zikaonekana. Tisa, kwa mstari, zimechorwa jogoo wa Nchi Jirani ubavuni, zikielekea Kivumoni bila haraka. Bendi iliacha kupiga. Kamati ya mapokezi ikaingia chini ya meza kuu, ikaikuta kamati ya burudani.

“Wamewahi,” alisema Jenerali Tandiko kwa uchungu. “Watu gani hawa wanaofika kwa wakati?”

Stumai hakuwa na ndege. Alikuwa na macho tu, na macho yake yakaangukia kile kiti kitupu cha katikati, chenye ua mgongoni. Akakitazama kiti, akazitazama ndege, akakitazama tena kiti. Halafu akamshika Kapteni Mwinyimvua mkono na kumkokota mpaka kwenye mnara wa kuongozea ndege, wenye redio ya kuzungumza na walio angani. Mnara ule ulizinduliwa zamani na mtu ambaye sasa ni marehemu, lakini uzinduzi hauozi.

Redio ilikuwa tayari inakoroma. “Hapa ni Brigedia Ngwali, Mkuu wa Kikosi cha Anga cha Nchi Jirani. Tunapita tu kwenda Kivumoni. Msitusumbue.”

“Kapteni,” Stumai akasema, “mtambulishe.”

“Adui?”

“Mgeni. Amekuja na msafara wa ndege tisa na hakuna hata mtu mmoja aliyesimama. Wewe unaweza kuliona hilo na ukanyamaza?”

Mwinyimvua alikuwa hajapata usingizi wa maana tangu sherehe za mavuno. Akasogeza kipaza sauti, akakohoa kidogo, na asali ikamiminika.

“Tunaye angani kwetu asubuhi ya leo Mheshimiwa Brigedia Ngwali, anayemwakilisha Mtukufu Rais wa Nchi Jirani, baba wa taifa lake, mlezi wa vijana, mpenda michezo. Pamoja naye, waheshimiwa marubani wote kwa nyadhifa zenu. Itifaki imezingatiwa.”

Ndege ya mbele ikayumba kidogo.

“Rudia hapo pa Mtukufu,” ilisema redio.

Mwinyimvua alirudia, polepole zaidi, akaongeza Daktari.

“Sisi hatukuja kukaa,” redio ikasema, na sauti ilikuwa imelegea. “Kuna viti?”

“Chako kina kitambaa cheupe na ua mgongoni.”

“Meza kuu?”

“Katikati.”

“Katikati kabisa, au katikati ya pembeni?”

“Kabisa, Mheshimiwa.”

“Maji?”

“Ya chupa. Zile kubwa.”

Ndege tisa zilipiga kona moja nzuri sana. Stumai, kwa mazoea, akaingurumia.

“Tunashuka,” ilisema redio. “Lakini si kwa kukaa sana.”

*

Kila aliyewahi kuhudhuria sherehe anajua kwamba asemaye hivyo ameshakaa. Brigedia Ngwali, mtu mnene wa miwani midogo, alivikwa shada la maua, akapigiwa bendi, akakagua gwaride la kamati sita, wengine wakiwa bado na vumbi la chini ya meza. Marubani wake wanane walipewa viti kwa vyeo. Mabomu yaliachwa ndani ya ndege, kivulini, yasipate joto.

Hotuba zikaanza. Alizungumza mwenyekiti wa kamati ya maturubai juu ya historia ya turubai. Alizungumza Jenerali Tandiko, akasema hana mengi, akasema machache yake hayo mpaka saa saba. Kukawa na ngoma, shairi, halafu ngoma ya waliosahaulika kwenye ngoma ya kwanza. Stumai alikuwa anatazama saa ya mkononi. Alijua barua ilisema nini: saa kumi, zirudi zisirudi. Ndege zilikuwa zimetua, lakini mto haukuwa umehama, wala jiko la mama yake.

Risala aliyoshika ilikuwa imeandikwa na kamati kwa ajili ya Rais. Ilikuwa na mafanikio kumi na changamoto mbili. Stumai akatoa kalamu, akaiweka karatasi juu ya goti, akaandika mstari mmoja chini kabisa.

“Unaongeza nini?” Jenerali alinong'ona kutoka kiti cha mbele.

“Changamoto, afande.”

“Ziwe fupi. Usimharibie mgeni hamu ya kula.”

Saa tisa kasoro dakika tano akaitwa. Alisoma mafanikio yote kumi kwa sauti kavu, halafu akavuta pumzi.

“Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, tunakabiliwa na changamoto zifuatazo. Kwanza, uhaba wa ndege zilizozinduliwa. Pili, upungufu wa viti. Tatu, uvamizi wa nchi jirani, uliopangwa kufanyika leo. Tunaomba utusaidie. Tunakutakia safari njema ya kurudi.”

Watu walipiga makofi kwanza, kisha wakasikia walichokipigia. Kijiko kilianguka mahali, kikaendelea kuzunguka.

Brigedia Ngwali aliinuka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Katika historia ya nchi zile mbili hakuna mgeni rasmi aliyewahi kukalia kiti kile kisha akawaambia watu kwamba changamoto yao haiwezekani. Akishafika kwake anaweza kuisahau, na kwa kawaida huisahau akiwa bado getini. Lakini akiwa pale, mbele ya kipaza sauti, chupa kubwa ya maji ubavuni, anaahidi. Ngwali alikuwa amelelewa vizuri.

“Nimeisikia risala yenu,” alisema. “Kuhusu changamoto ya kwanza, natoa ndege moja, ile yangu niliyokuja nayo, na ninaikabidhi leo hii.” Makofi. “Kuhusu ya pili, naahidi viti mia mbili.” Makofi zaidi, na vigelegele kutoka kamati ya maturubai. “Kuhusu ya tatu.” Akanywa maji. “Huu uvamizi umewasumbua tangu lini?”

“Tangu asubuhi, Mheshimiwa,” Stumai akajibu.

“Na wahusika ni akina nani?”

“Ni nyinyi, Mheshimiwa.”

Jenerali Tandiko alijificha nyuma ya chombo cha maua, lakini nishani zikamsaliti. Ngwali alimtazama yule binti. Kisha uso wake ukafunguka kwa furaha ya mtu aliyeombwa kitu ambacho kweli anacho.

“Basi mna bahati,” alisema. “Wahusika nawafahamu. Nitazungumza nao.”

Bendi ikapiga bila kuambiwa. Watu walikumbatiana. Stumai peke yake hakukaa.

“Lini, Mheshimiwa?”

Bendi ikanyamaza. Mgeni rasmi huulizwa mambo mengi, lakini lini haulizwi. Mwinyimvua alifumba macho.

“Jeshi lenu la nchi kavu linavuka saa kumi,” Stumai aliendelea, “na sasa ni saa tisa na dakika kumi. Mama yangu yuko Kivumoni, na hataki kuondoka.”

Ngwali aliangalia saa. Kisha akaangalia upande wa chakula, ambako wapishi walikuwa wamefunua masufuria na harufu ya pilau ikaja mpaka meza kuu kama mjumbe. Alikuwa askari wa nidhamu, na askari wa nidhamu anajua kuwa shughuli moja haiwezi kuanza wakati nyingine haijafungwa.

“Leteni karatasi,” alisema.

Akaandika: “Kwa Mkuu wa Majeshi ya Nchi Kavu. Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, uvamizi umeahirishwa hadi mtakapotangaziwa tena. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza.” Akachomoa mhuri kutoka mfuko wa kifuani, pale ambapo wanaume wengine huweka picha ya mke, akaupulizia pumzi, akagonga.

Ikabaki nani ataipeleka. Ngwali aligeuka kuwatafuta marubani wake. Walikuwa tayari kwenye foleni, sahani mkononi, mikanda wameilegeza.

“Hao,” alisema kwa masikitiko, “wakishashika sahani huwatoi.”

“Ile ndege uliyotukabidhi, Mheshimiwa,” Stumai akauliza, “ilizinduliwa?”

“Na Rais mwenyewe. Kipande cha utepe ninacho nyumbani, kwenye fremu.”

Watu wote walimgeukia Kapteni Mwinyimvua. Mkuu wa Itifaki alikunja uso, akapitia moyoni kanuni zote mia nne na sita, mbele kwenda nyuma na nyuma kuja mbele.

“Kanuni inasema kitu kizinduliwe,” alitamka hatimaye. “Haisemi na mgeni rasmi wa nchi gani.”

Alipomaliza sentensi, Stumai alikuwa ameshapanda ngazi.

*

Alifunga mkanda, akashika usukani, akanguruma. Alinguruma ngurumo ya kupaa, mashavu yamejaa, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka sita, na ilimchukua muda kutambua kwamba kuna mwingine anayenguruma zaidi yake. Ndege ilitetemeka yote. Nyasi zililala. Turubai la wageni wa kawaida lilivimba, likapeperuka, likaondoka na hotuba tatu ambazo hazijasomwa. Kisha magurudumu yakaacha ardhi, na Luteni Stumai, mwenye saa elfu mbili na mia tatu za kukaa, akafunga mdomo wake na kuiachia injini ifanye kazi.

Dunia ilikuwa imetandazwa chini kama kanga iliyoanikwa. Aliona barabara, mashamba ya alizeti, reli inayosubiri mgeni wake. Mara mabati ya Kivumoni yakawaka juani. Mji ulikuwa mtupu, mbwa wote wamelala, milango imefungwa. Moshi mmoja tu ulipanda, na chini ya moshi alisimama mtu mmoja, kanga imefungwa kiunoni, uso ameuelekeza juu.

Stumai alishuka chini kuliko inavyoruhusiwa. Alisahau kabisa jogoo aliyechorwa ubavuni. Aliona mkono wa mama yake ukinyanyuka kwa nguvu, akajua anapungiwa, machozi yakamtoka, naye akatingisha mabawa mara tatu.

Mtoni aliwakuta. Askari elfu nne wa Nchi Jirani walipanga mistari ukingoni, sare zao wamezikunja na kuzibeba kichwani, wamebaki na kaptula. Daraja lilikuwa kando yao, pana, limetulia, na hakuna aliyelikanyaga, kwa sababu lilikuwa halijazinduliwa na wao si watu wasio na adabu. Maji yalikuwa baridi. Watatu walikuwa wameshachovya kidole na kujuta.

Stumai alikuwa ameikunja barua ndani ya chupa kubwa ya maji ya mgeni rasmi. Akaiachia. Ikadondoka miguuni mwa Kanali mmoja mrefu, ambaye aliisoma bila kuamini hata neno, mpaka alipofika kwenye mhuri. Aliuinua mhuri juani. Aliunusa.

“Nilijua tu,” akasema. “Vaeni.”

Jeshi zima likavaa. Wanasema hakukuwahi kuonekana watu elfu nne wakivaa suruali kwa furaha kiasi kile.

*

Uwanjani, shughuli ilifungwa jioni. Kipengele cha kumi na tisa cha ratiba, yaani kukata utepe, hakikufikiwa kutokana na ufinyu wa muda, kwa hiyo ndege nne za Nchi Yetu zikabaki zilivyo, na mbayuwayu hawakusumbuliwa. Brigedia Ngwali alilala, akapewa kifungua kinywa, akaondoka Jumapili na ndege zake nane na mabomu yote, akapunga mkono mpaka akapotea. Viti mia mbili vinasubiriwa.

Jumatatu serikali ikatoa taarifa juu ya Vita Kuu vya Anga. Ilisema ushindi ulipatikana kwa uongozi madhubuti wa Jenerali Tandiko, aliyeongezewa nishani ya arobaini na moja, na kwa maandalizi ya kamati sita. Stumai hakutajwa. Alipouliza, Mwinyimvua alimfungulia ratiba na kumwonyesha kwa kidole, bila ubaya wowote, kwamba hapakuwa na kipengele cha mtu kuruka. Kisichokuwa kwenye ratiba hakikutokea.

Kivumoni nako mambo yalikuwa mabaya. Bi Mwanaidi alitoka chini ya kitanda akiwa na maneno mapya.

“Nilichungulia, shoga. Ilipita ndege moja tu, na ilikuwa ya adui. Jogoo yule nimemwona kwa macho yangu.”

“Nami nilimwona,” alisema Bi Havijawa kwa huzuni. “Nikamrushia mwiko.”

“Na binti?”

Bi Havijawa aliendelea kukoroga uji kwa kijiko cha chai.

Jumatano Stumai alifika likizo, begi mgongoni. Alimkuta mama yake amempa mgongo mtaa mzima.

“Nilipita, mama. Si ulinipungia?”

“Sikumpungia mtu. Alipita adui.”

Stumai akafungua begi. Alitoa kitu alichokuta kimekwama kwenye gurudumu la ndege baada ya kutua, kitu kilichowasumbua mafundi siku mbili, maana hakikuwa kwenye orodha ya vipuri vyovyote. Kilikuwa mwiko mrefu ulioungua ncha, na bado ulikuwa na ugali mkavu.

Bi Havijawa aliupokea. Akaugeuza. Aliugusa pale palipoungua. Kisha akamtazama binti yake, akatazama juu kabisa angani, mbali sana, kama anayepima mwendo, akarudi kumtazama binti yake.

“Wewe,” alisema taratibu. “Ulikuwa pale juu.”

“Nilikuwa.”

“Na mimi nikakupiga.”

“Ulilenga vizuri, mama.”

Bi Havijawa hakumkumbatia wala hakulia. Alitoka nje na mwiko wake, akausimamisha mbele ya pua ya Bi Mwanaidi, akasema, “Nusa.” Mpaka jioni Kivumoni yote ilikuwa imenusa.

Habari ikafika mji mkuu. Makumbusho ya Taifa ilikuwa na shida yake. Ilihitaji silaha iliyotumika katika Vita Kuu vya Anga, na kila ilipouliza iliambiwa hakuna iliyotumika. Ikatuma gari, ikauchukua mwiko, ikauweka ndani ya kabati la kioo, na juu ya kabati ikafunga utepe. Wananchi waliruhusiwa kupita nje ya jengo na kujivunia, mpaka mgeni rasmi apatikane.

Bi Havijawa alivumilia siku nne za kijiko cha chai. Siku ya tano alipanda basi, akaingia Makumbusho akiwa na kanga ya kupikia, akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akaukata utepe kwa meno. Mlinzi alikuja mbio.

“Mama, hapana, mama. Hilo bado halijazinduliwa. Tunamsubiri mgeni rasmi.”

Bi Havijawa aliupangusa mwiko wake kwa pindo la kanga na kuutia kwapani.

“Msubirini,” alisema. “Ugali haumsubiri.”